Wimbo anaujua, herufi bado

Mwaka jana jirani yangu aliniletea mwanawe wa darasa la pili. "Mwalimu, huyu kusoma anajua, ila mitihani ndiyo inamshinda." Tukakaa kibarazani, mtoto akafungua kitabu chake cha shule, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikachukua kijiti nikaandika mchangani: bo. Akainama, akaanza kunong'ona huku anakunja vidole: ba, be, bi... "Bo!" Nikaandika lo. Akarudi tena mwanzo: la, le, li. Ule ukurasa alikuwa ameukariri kwa kuwasikiliza wenzake.

Sishangai. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, na wimbo wa ba be bi bo bu nimeuimbisha mpaka sauti ikakauka. Ukiwa na watoto 90 na ubao mmoja, wimbo unakuokoa. Darasa linatulia, mkaguzi akipita nje anasikia kazi inafanyika. Lakini katika watoto 90 wanaoimba, 15 wanasoma na waliobaki wanafuata mdundo. Huwezi kuwajua mpaka uvuruge mpangilio: uanze na bu, urukie me, urudi ka, kisha umnyooshee kidole mmoja mmoja.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili hapa Tanzania umejengwa juu ya KKK: kusoma, kuandika, kuhesabu. Uamuzi ule naunga mkono kwa mikono miwili. Ugomvi wangu ni na sisi walimu, na wazazi pia, tunaodhani silabi zikishaimbwa kazi imekwisha.

Kabla ya herufi kuna sikio. Mtoto anapaswa kusikia kwamba "mama" na "meza" yanaanza na sauti ileile, na kwamba ukiondoa "ka" kwenye "kalamu" inabaki "lamu". Huo ni mchezo wa mdomo tu, hauhitaji chaki wala kitabu, unachezeka hata mnapochambua mchele. Sauti ikishakaa sikioni, ndipo herufi ije kuwa alama yake. Sisi wa zamani tulianza na majina: a, be, che, de. Matokeo yake mtoto akikutana na b na a anasoma "bea", nawe unampiga rula kwa kosa ulilomfundisha mwenyewe. (Siku hizi wako wanaoanza na "ei, bii, sii" nyumbani, kisha tunashangaa "saa" inavyowatesa.)

Kiswahili kimetuhurumia sana, kwa kuwa herufi zake hazibadiliki sauti ovyo. Ila kina mitego yake, na wimbo wa silabi hauigusi. Tunawaambia watoto silabi ni konsonanti na irabu, halafu tunawaandikia "mtoto". Ile m ya mwanzo ni silabi inayojitegemea: m-to-to. Mtoto anayeandika "mutoto" hajakosea kwa ujinga, amefuata kanuni tuliyompa. Tazama tena: mbu ni m-bu, lakini mbuzi ni mbu-zi. Na ng'ombe na ngoma? Kile kialama cha juu watoto wengi wanakiona kama uchafu wa chaki. Mambo haya yanataka wiki nzima, tena taratibu, na sisi tunayapitia kwa siku mbili ili tumalize mada.

Kuna na hili la kasi. Siku hizi mtoto anapimwa anasoma maneno mangapi kwa dakika, na kipimo kina maana yake: anayejikongoja silabi kwa silabi akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, hivyo haelewi. Lakini neno la Kiswahili si sawa na neno la Kiingereza. "Tutakapowaona" ni neno moja lenye silabi saba, na ndani yake mna nani, lini na akina nani. Anayelisoma polepole huenda anafanya kazi kubwa kuliko tunavyompa alama. Mimi nikisikiliza mtoto akisoma, saa naweka kando, nafunga kitabu, namwuliza: walikwenda wapi? Akikodoa macho, najua tulikuwa tunaimba.

Kuandika ndiko tumekuacha yatima. Daftari la darasa la kwanza limejaa kunakili: mwalimu ameandika ubaoni, watoto wamechora walichokiona. Mwandiko unapendeza, mzazi anafurahi. Mwambie mtoto huyohuyo aandike alichokula jana, kalamu inaganda. Hajawahi kuombwa kuandika jambo lake. Nafahamu ugumu wa kusahihisha madaftari 90, nimesahihisha. Lakini sentensi moja kwa wiki, ya mtoto mwenyewe, yenye makosa yake yote, inamwonyesha mwalimu zaidi ya kurasa kumi za kunakili.

Yule mtoto wa jirani alikuja miezi mitatu, kila Jumamosi. Silabi tulizivuruga kwa vizibo vya soda vilivyoandikwa kwa maka, anavichanganya kwenye kopo na kuokota. Jumamosi moja nikamwomba aniandikie habari za nyumbani. Akaandika: "babaameeda shaba". Mtu mwingine angeuliza shaba imetoka wapi. Nikamwambia, haya, shika pua yako, sema "shaba". Akasema. Sasa sema "shamba". Akasema, akatoa macho: pua imetetemeka chini ya vidole. Akarudia mara tatu, anacheka. Kisha akavuta daftari, akaipenyeza m, ndogo, imebanana kati ya a na b. Akanyamaza kidogo, akashika pua tena, akasema polepole, "ameenda".