Mama, magofu na kizingiti cha sentimita 14

"Bibi apumzike hapa kivulini. Ndani hakuna jipya, ni mawe tu."

Ndivyo alivyoambiwa mama yangu, mwenye miaka 78, mlangoni pa magofu fulani ya pwani yetu baada ya safari ya saa tatu kwenye basi. Mama akajibu kwa upole, "Mwanangu, mawe hayohayo ndiyo niliyoyafuata." Kisha akabaki kwenye kiti mwendo chake kando ya kibanda cha tiketi, sisi tukaingia. Tulikaa ndani dakika arobaini. Tiketi yake ilikuwa imekatwa kama zetu.

Kijana aliyesema maneno yale hakuwa na nia mbaya. Nayasimulia kwa sababu mjadala wa wazee na watu wenye ulemavu kufika kwenye majengo ya kale huendeshwa kana kwamba kuna njia mbili tu: ama magofu yaachwe yalivyo, ama yamwagiwe zege. Anayeomba njia ya kupita anaonekana adui wa historia. Kumbe wengi wanaoomba ni watu wanaoipenda historia hiyo kiasi cha kusafiri na magoti yanayouma.

Wahifadhi wana hoja, na si ndogo. Kuta za kale za pwani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari nyingi zilibebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo huingiza unyevu na kuutoa. Ukiusiriba kwa saruji, unyevu na chumvi vinanasa ndani, na jiwe linamung'unyoka taratibu nyuma ya plasta inayopendeza macho. Ardhini nako kuna tabaka zisizochimbwa bado. Msingi wa njia ya zege unaweza kuvuruga ushahidi ambao hakuna aliyewahi kuuona. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikaa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Na baada ya sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kale la Unguja, kuporomoka Desemba 25, 2020, ikiwa kwenye matengenezo, na kuua watu wawili, siwezi kumlaumu mhandisi anayesita kutoboa ukuta wa Mji Mkongwe.

Wengine hutaja Athens. Kwenye Acropolis, kilima chenye magofu ya kale ya mji huo, kulikuwa na lifti iliyowekwa kwa ajili ya Paralimpiki ya 2004, ikawa haitegemeki. Mwishoni mwa 2020 ikazinduliwa mpya, na juu ya kilima zikajengwa njia pana za zege. Wanaakiolojia wengi walikasirika, wakisema mwamba wenyewe ni sehemu ya kumbukumbu na sasa umefunikwa. Wajenzi wakajibu kwamba kuna utando kati ya zege na mwamba, na siku moja njia hizo zinaweza kuondolewa. Kwa maoni yangu waliolalamikia upana wa zege lile walikuwa na haki. Lakini watu wanaopanda na lifti hiyo leo nao wana haki, na kosa la kumwaga zege jingi mno halithibitishi kwamba haikupaswa kuwekwa njia yoyote.

Hapa naomba msomaji anivumilie na namba moja: 1 kwa 12. Ndicho kipimo cha kawaida cha mteremko ambao mtu wa kiti mwendo anaweza kuupanda bila kusukumwa. Kila sentimita moja ya kwenda juu inadai sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 20 kila moja ni sentimita 60, kwa hiyo mteremko wake ni mita 7 na sentimita 20. Kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe ambamo ukinyoosha mikono unagusa nyumba za pande zote mbili, mita saba hizo utazilaza wapi? Hapo mhifadhi ameshinda, nami nakubali bila kinyongo.

Sasa igeuze namba hiyohiyo. Magofuni, kinachomzuia mtu mara nyingi si ngazi tatu. Ni kizingiti kimoja, au mzizi uliovuka njia, au jiwe lililochomoza. Kizingiti cha sentimita 14 kinahitaji mteremko wa mita 1 na sentimita 68. Urefu huo ni wa ubao. Ni mbao mbili tatu zilizopigiliwa pamoja na fundi wa mtaani, zenye mpira kwa chini zisiteleze, zinazokaa kwenye chumba cha mlinzi, zinatolewa mgeni akifika na kurudishwa akiondoka. Kama yupo wa kumsukuma, ubao unaweza kuwa mfupi zaidi. Ukuta hautobolewi na saruji haiingii. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi tangu siku ile, na kila nikiirudia nakutana na jambo lilelile: mama hakuzuiwa na mawe ya karne nyingi. Alizuiwa na ukosefu wa ubao.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unaligusa suala hili kwenye ibara ya 30. Kwa makumbusho na huduma za utalii unataka, bila kigugumizi, watu hao waweze kuzifikia. Ukifika kwenye maeneo ya kumbukumbu ya kitaifa unaongeza maneno haya: kwa kadiri inavyowezekana. Ni maneno ya busara, maana hakuna anayetaka Husuni Kubwa, magofu ya kasri la Kilwa, ikatwe katikati ili kiti kipite. Ila katika matumizi yamekuwa kichaka cha kujificha. Anayesema haiwezekani haulizwi alijaribu nini. Na choo je? Dirisha la tiketi lililo juu kuliko kichwa cha mtu aliyeketi? Gati? Hivyo si urithi wa kale, vimejengwa juzi, na havina udhuru. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani anaishi na ulemavu mkubwa, na sisi wengine tunazeeka kila siku.

Kuna pia hoja ya uhalisi, kwamba nyongeza yoyote inaharibu sura ya kale. Naiheshimu, lakini majengo yenyewe hayaikubali. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulianza mdogo, ukapanuliwa, sehemu ya upanuzi ikaanguka, ikajengwa tena. Fort Jesus ilikuwa gereza hadi 1958, ikawa makumbusho 1960. Na Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilipata jina la nyumba ya maajabu kwa sababu ya vitu vipya vilivyowashangaza watu: umeme, na baadaye lifti, ambayo husemekana ndiyo ya kwanza Afrika Mashariki. Zamani kumwinua mtu bila ngazi kulikuwa fahari ya jumba. Leo jambo hilo likitajwa, linaonekana uvamizi.

Wazee wetu wa mijini, Lamu hadi Unguja, walijua jambo jingine tunalolisahau. Walijenga baraza. Mzee aliyetoka msikitini adhuhuri alipata mahali pa kuketi kila baada ya nyumba chache, kivulini, akasalimiwa, akapewa maji, akaendelea. Sasa nenda kwenye magofu mengi uhesabu benchi kati ya lango na kitu cha mwisho cha kutazamwa. Kwa mtu wa miaka 78 anayetembea na bakora, benchi moja kila mita hamsini linaamua kama siku hiyo ni ziara au adhabu. Gede, mji wa magofu pwani ya Kenya ulioingia kwenye orodha ya urithi ya UNESCO 2024, ina kivuli cha msitu mzima. Kuongeza mahali pa kuketi chini ya kivuli hicho hakuwezi kuhitaji mkutano wa kimataifa.

Jibu linalotolewa haraka zaidi ni hili: "Tutambeba." Vijana wetu wanalisema kwa moyo mweupe, na wapo wanaolipokea kwa furaha. Mama aliwahi kubebwa kushuka chomboni, maji yakiwa magotini mwa wabebaji. Mkono mmoja alishika bega la kijana asiyemjua, mwingine alibana kanga isifunuke. Alishukuru. Halafu hakusema neno mpaka jioni. Tangu hapo nasema watu waulizwe kwanza wanatakaje, na anayekataa kubebwa asihesabiwe kuwa amekataa kutembea.

Yapo maeneo ambayo hayatafikika, nami sidai yafikike. Kuta za juu za ngome, minara, ngazi za mawe zilizolika katikati, ziachwe. Ninachodai ni cha bei rahisi kuliko vyote: taarifa. Waandike pale langoni, na kwenye simu zetu, njia ni ya mchanga au ya mawe, ina urefu gani, vizingiti viko vingapi, choo kikoje. Mgeni ataamua mwenyewe. Kumwamulia kwa kumwonyesha kivuli ni kumnyima hata heshima ya kukataa.

Mwezi uliofuata nilirudi peke yangu na futi kamba. Mlinzi alinishikia ncha nyingine. Lango, sawa na ardhi. Njia ya kwanza, mchanga ulioshikamana, mita 90. Kizingiti cha ua, sentimita 14. Kutoka uani hadi kisimani, tambarare. Kwenye mihrabu, ngazi nne na mlango wa sentimita 61, na kiti cha mama kina upana wa sentimita 64. Nikamsomea mama karatasi ile mezani, mstari kwa mstari. Akasikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Mihrabu niachie, utanipigia picha," akasema. "Kisimani nitafika. Mwambie fundi ubao auanze."