Mfupa Haupokei Kitu Kidogo

Hapa Kampala kila foleni ina mlango wa nyuma. Boda anapita juu ya njia ya waenda kwa miguu, karani analainika kwa pesa ya soda, na teksi iliyoandikwa abiria kumi na wanne inameza wa kumi na saba na bado kondakta anaita. Halafu unakwenda kupandikiza jino. Unamuuliza daktari kwa adabu, "Musawo, haiwezekani tuharakishe kidogo?" Anakutazama kama mtu anayetaka mtoto azaliwe mimba ikiwa na miezi minne. Mfupa unataka muda wake wa kushika: taya la chini miezi mitatu, la juu hata sita, kwa kuwa mfupa wa juu ni laini zaidi, una matundu kama sifongo. Mfupa haupokei kitu kidogo. Haujui mtu. Hata ukiwa na mjomba wizarani.

Na tuelewane kwanza unachonunua, maana wengi wanadhani jino linachomekwa kama kipande cha muhogo shambani. Vitu ni vitatu: skrubu ya titaniamu inayozama ndani ya mfupa, kiungo kinachofungwa juu yake, na kofia ya jino inayoonekana ukicheka. Skrubu yenyewe mara nyingi ina upana wa milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Bei inahesabiwa kwa milioni, tena kwa jino moja. Siku ya kwanza unawekewa skrubu tu na kifuniko kidogo. Yaani umelipa, umetoboka mfuko, na unatoka na pengo lile lile ulilokuja nalo, sasa lina nyuzi.

Wa kulaumiwa ni sungura. Miaka ya 1950 huko Sweden, mtafiti Per-Ingvar Brånemark aliwawekea sungura vyombo vidogo vya titaniamu mifupani ili atazame jinsi mfupa unavyopona. Alipotaka kuvitoa, mfupa ulikuwa umevikumbatia, havitoki. Tabia hiyo tunaijua vizuri kwa watu wanaoazima jembe. Mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza skrubu za namna hiyo, na tangu hapo wanadamu tunasubiri.

Kabla ya kutobolewa kuna picha. Si eksirei ile ya kawaida peke yake, bali ya pande tatu. Unalalamika gharama, lakini ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoupa mdomo hisia, na skrubu inatakiwa kukaa angalau milimita 2 mbali nao. Juu kuna uwazi wa sinasi, jirani na pua, nao hautaki wageni. Picha hiyo ndiyo pia inayofichua wale waliong'oa jino wakasema "nitashughulikia baada ya Krismasi" bila kutaja Krismasi ipi. Mfupa usio na jino hujiona hauna kazi, unaanza kupungua, na mwaka wa kwanza ndio unapungua zaidi. Ukiwa mwembamba, unaongezewa mfupa mwingine, na huo nao unaomba miezi yake kabla skrubu haijaingia.

Kisha maungamo. Mama mkwe mfiche utakalo. Daktari wa meno mwambie yote. Sukari, presha, moyo, mzio wa penisilini, dawa za kulainisha damu (usiziache kwa akili yako, aliyekuandikia ndiye anayeamua), sindano au vidonge vya kuimarisha mifupa, hata mitishamba ya shangazi inayokaa kwenye jerikeni. Mwenye kisukari atapimwa kile kipimo kinachosoma sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita. Kufunga kula tangu jana hakukidanganyi. Na fizi zinazotoka damu zisafishwe na zipone kwanza, maana hakuna fundi anayejenga nyumba mpya juu ya siafu.

Sigara iachwe wiki mbili kabla na wiki nane baada. Nikotini hubana mishipa ya damu, na mfupa bila damu haujengi chochote. "Navuta shisha tu" si utetezi. Hiyo sheria ya Uganda ya 2015 ilishaikataza, kwa hiyo umejishitaki mara mbili.

Siku yenyewe, kama ni ganzi ya sindano peke yake, kula vizuri kabla ya kwenda. Kama utapewa dawa ya usingizi, hakuna chakula kwa saa sita, na chai ya maziwa inahesabika kuwa chakula, usibishane. Ukiandikiwa amoksisilini ya kutangulia, kawaida ni gramu 2 saa moja kabla, yaani kapsuli nne za miligramu 500 kwa mkupuo. Siyo mbili leo na mbili nikipata pesa.

Ndani ya chumba, kinachowaudhi watu si maumivu, ganzi inayamaliza. Ni maji. Yanamwagika mdomoni, shingoni, mpaka kola ya shati. Ni maji ya chumvi ya hospitali na yana sababu: mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na keekee inayozunguka inachemsha. Mfupa uliounguzwa hauikumbatii skrubu. Lowa, nyamaza. Mwisho skrubu inakazwa. Mafundi wengine hukaza mpaka wajisikie. Huyu ana spana yenye namba, akifika kama newton-sentimita 35 anaridhika, kwa sababu kukaza kupita kiasi kunauminya mfupa nao unajifia kimya kimya.

Kurudi nyumbani, boda hapana. Mdomo wenye ganzi kwenye mashimo ya barabara zetu utaung'ata bila habari, uje uuone kwenye kioo. Chai ya moto pia isubiri, utajichoma ukitabasamu. Unauma shashi dakika thelathini hadi saa moja, bila kuichungulia kila mara kama sufuria ya wali. Usiteme. Usisukutue mpaka saa 24 zipite. Mate yenye wekundu siku hiyo ni kawaida. Damu inayojaza mdomo si kawaida.

Mrija pia marufuku, kwa kuwa kunyonya kunavuta kidonda na damu iliyoganda juu yake. Sasa mweleze hilo mzee wa Teso aliyekaa na wenzake kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu kama antena. Atauliza kama anaweza kutumia kikombe. Hawezi, pombe yenyewe nayo imekatazwa. Hapo ndipo urafiki wa mtu na daktari huisha.

Barafu dakika 20 shavuni, dakika 20 pumzika, siku ya kwanza na ya pili. Umeme ukikatika, chupa ya maji iliyoganda kutoka duka lenye friza inatosha, ifungwe kitambaa. Uvimbe hupanda mpaka siku ya pili au ya tatu ndipo ushuke, kwa hiyo usishtuke kesho ukiwa mbaya kuliko leo. Majirani wataamua ulipigana baa. Lalia mito miwili, waache waamue. Parasetamoli gramu 1 kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, na umeze ya kwanza kabla ganzi haijaondoka. Ibuprofeni miligramu 400 inasaidia uvimbe, ila imezwe na chakula, na mwenye vidonda vya tumbo asiiguse bila kuuliza.

Sasa chakula. Musawo anasema "kula vitu laini" kwa sauti nyepesi, kama hajui anaishi nchi gani. Muchomo, hapana. Mahindi ya kuchoma, hapana. Muwa, usiutazame. Karanga za kukaanga zinavunjika na kuingia kidonda, simsim ni mbaya zaidi, na mbegu za matunda ya pasheni zinajua njia ya kwenye uzi kuliko daktari mwenyewe. Ukipandikiza Novemba, msimu wa nsenene, wale panzi wa kukaanga, umejitafutia. Zile ni tamu lakini zinachoma fizi. Rolex? Mayai yake ni laini, tatizo ni chapati, inayovutwa kwa meno kama mpira wa tairi. Kula mayai, chapati mpe mtoto wa jirani. Kinachobaki ni matoke yaliyopondwa na kungojewa yapoe, mchuzi wa karanga uliosagwa vizuri, parachichi, uji wa bushera, viazi vitamu, ngege asiye na mwiba hata mmoja, maharagwe yaliyopondwa mpaka yasijitambue. Tafuna upande wa pili. Siku ya tano utaanza kuwachukia watu wanaotafuna hadharani.

Baada ya saa 24, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, baada ya kila mlo. Unainamisha kichwa huku na huku, unayaacha yaanguke. Siyo kusukutua kwa nguvu kama muadhini anayejiandaa. Nyuzi zinatolewa siku ya saba hadi ya kumi, kama si zile zinazoyeyuka.

Mdomo ukiwa bado umekufa ganzi kesho yake, piga simu siku hiyo hiyo, skrubu huenda imegusa mshipa, na kusubiri Jumatatu kunaharibu. Vivyo hivyo maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu, usaha, homa. Kifuniko kikilegea, kirudishwe kwa aliyekiweka. Msumeno, kisu na ukucha si vifaa vyake.

Lakini mtego wenyewe uko wiki ya tatu. Uvimbe umekwisha, nyuzi hazipo, mtu anajiona mzima. Kumbe hapo ndipo skrubu ilipo dhaifu kuliko siku iliyowekwa: mfupa wa zamani ulioibana unaondolewa, na mpya haujakomaa. Ni kama ukuta ambao fundi ametoa mbao za kushikilia na saruji bado mbichi. Na wiki ya tatu ndiyo wiki ambayo lazima kuna harusi na mbuzi mzima.

Miezi ikitimia, kofia inafungwa. Unaumishwa karatasi ya buluu: "Inagonga?" Sema ukweli, jino hili halina ule utando wa kuhisi shinikizo kama meno ya kuzaliwa nayo, likigonga juu zaidi halikuambii, linalegeza skrubu tu. Halitoboki, ila fizi yake inaoza kama zozote zile, kwa hiyo uzi wa kusafishia meno na kaburashi kadogo kila usiku, na kliniki kila miezi sita.

Kuhusu mahindi ya kuchoma, musawo amekubali. Anasema uanzie upande wa pili.