Mwanamke wa wiki ya 14

Mimi nikipewa silabasi naanza kuisoma kutoka mwisho. Mada ya wanawake huwa inakaa huko huko, wiki ya 13 au 14, kurasa mbili tatu za kusoma basi, na wiki hizo kila mtu anajua lekchara ameshachelewa na ratiba, anaangalia saa anasema jamani hii mtajisomea wenyewe, na kwenye mtihani haiji. Imenikuta kwenye kozi mbili tofauti kabisa.

Ndo maana watu wakiniambia vyuo vimebadilika, siku hizi kuna mpaka digrii ya masomo ya wanawake, nakubali nusu. Kazi imefanyika, tena kubwa. Mwanahistoria Gerda Lerner alifundisha kozi ya historia ya wanawake New York mwaka 1963 na mwenyewe bado hajamaliza digrii ya kwanza (hapo ndo huwa nacheka). 1970 pale San Diego, Marekani, wanafunzi na akina mama wakakomaa mpaka chuo kikawapa programu yao, Makerere nao wakawa na idara ya masomo ya wanawake 1991. Hakuna aliyepewa bure.

Shida yangu ni kwamba idara imegeuka kichaka cha wengine kujifichia. Ukimuuliza mwalimu wa uchumi mbona kupika na kulea havimo kwenye pato la taifa, anakwambia nenda idara ya jinsia. Wakati Marilyn Waring wa New Zealand aliandika kitabu kizima juu ya hilo 1988, na ni uchumi ule ule, sio stori za pembeni! Sanaa ndo usiseme, kitabu cha H.W. Janson cha historia ya sanaa kilichosomwa vyuo vingi Marekani kilitoka 1962 bila msanii mwanamke hata mmoja, hata mmoja jamani, na watu walifaulu wakapata vyeti vyao safi tu.

Kwenye udaktari sasa ndo inauma. Mwanafunzi anakaririshwa kwamba shambulio la moyo ni mtu kashika kifua, wakati mwanamke anaweza kuja analalamika kichefuchefu, pumzi inakata, taya linauma, akapewa dawa ya tumbo akarudishwa nyumbani. Marekani ilibidi itungwe sheria 1993 ndo utafiti wa tiba unaolipiwa na serikali uwe lazima na wanawake ndani. Hiyo nayo utaiweka wiki ya 14?

Halafu kitu kikikaa chumba kimoja kufuli moja inatosha. Hungary 2018 serikali iliondoa kibali cha digrii za uzamili za jinsia, na chuo kimoja cha Florida bodi ilipiga kura 2023 kuanza kuifuta programu yake ya jinsia. Sisemi idara zifungwe, aisee msininukuu vibaya, bila hizo idara nani angeandika hayo mambo tunayotaka yaingie kwenye kozi za lazima? Ila zisiachiwe mzigo peke yao.

Juzi juzi nimeona silabasi moja ya historia, wanawake wapo wiki ya pili, kwenye kilimo na biashara, wamechanganywa na wengine wote bila hata kichwa cha habari. Kwa mazoea nikageuza karatasi mpaka mwisho. Wiki ya 14 palikuwa pameandikwa marudio.