Ctrl+S ni ya kusevu, iacheni hapo

Juzi niliitwa duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Kisumu. Karani wao wa mauzo ni mama aliyesoma packages za kompyuta kwangu miaka hiyo na mpaka leo ananiita mwalimu, sasa wamewekewa sistimu mpya ya invoisi na stoku na tangu iingie kazi imekuwa vita. Nikavuta kiti nikakaa kando yake nimwangalie tu. Akaingiza saruji, akaingiza mabati ya geji 30, halafu mkono wa kushoto, bila yeye hata kufikiria, ukabonyeza Ctrl+S. Invoisi ikaenda. Misumari bado haijaandikwa, rangi bado, printa inatoa karatasi ya vitu viwili na mteja amesimama hapo kaunta anauliza vingine viko wapi.

"Mwalimu, si nimesevu tu?" akaniambia. "Vile ulitufundisha."

"Umefanya sawa, madam," nikamwambia. "Ni sistimu ndio haiko sawa."

Kumbe kwa hiyo sistimu Ctrl+S ndio ya kutuma. Haikuulizi kama uko tayari, inatuma. Na nyinyi mnajua siku hizi za eTIMS, ile sistimu ya invoisi ya KRA, watu wa kodi, invoisi ikishafika kwao haifutwi, unaandika krediti noti ya kuibatilisha halafu unaanza nyingine mwanzo, na foleni inaendelea kuongezeka, na bosi akipita anaona karani ndio mzembe. Hapo ndio nilikasirika na bado nimekasirika, manake huyo mama si mzembe, ni mtu ameshika kazi yake vizuri na mikono yake imefundishwa vizuri, halafu mtu amekaa mahali na laptopu akaamua mazoea ya miaka yote hayo hayana maana.

Hebu tuseme ukweli kuhusu vile tulijifunza hii kitu huku kwetu. Mtu wa Kondele, mtu wa Mumias, mtu wa Bungoma, sote tulijifunzia kwa chumba chenye stima inakuja na kwenda, UPS ya kushikilia mashine stima ikipotea hakuna, ama iko lakini betri ilikufa zamani. Unaandika barua ukurasa mzima, unasikia "tii" ya mashine kuzima, chumba chote kinapiga kelele, na barua imeenda. Kwa hivyo kabla hujafundishwa kupanga aya unafundishwa Ctrl+S. Sentensi ikiisha, Ctrl+S. Mtu akikuita mlangoni, Ctrl+S kwanza ndio usimame. Kukionekana mawingu upande wa ziwa, Ctrl+S. Mimi mwenyewe nimewaambia wanafunzi maneno hayo mpaka yakawa wimbo. Hiyo si tabia ya kuchezea, ni kinga ambayo watu walijijengea kwa sababu ya kupoteza kazi yao mara nyingi, na ndio maana kidole kinaenda chenyewe, mwenye mkono hata hajui kimeenda.

Sasa angalieni vile wengine wamefanya. Google Docs inasevu yenyewe kila wakati, haihitaji Ctrl+S hata kidogo, kwa hivyo wangeweza kuichukua hiyo shotikati, yaani hiyo njia ya mkato ya vitufe, wakaipa kazi nyingine na wangekuwa na sababu. Hawakufanya hivyo. Ukibonyeza Ctrl+S kwa Google Docs inakuonyesha tu kwamba kazi yako imehifadhiwa kwa Drive, basi, unaendelea. Walielewa kwamba watu wanakuja na mikono yao kutoka Word, na huo mkono ukifika kwao lazima upokewe vizuri.

Ama chukua kukata na kupesti. Larry Tesler na wenzake ndio walifanyia kazi mambo ya kukata, kukopi na kupesti huko kwa maabara ya Xerox PARC Marekani miaka ya sabini, halafu kompyuta ya Apple Lisa ya 1983 ikaja na Z ya kurudisha nyuma, X ya kukata, C ya kukopi na V ya kupesti, vitufe vinne vimepangana chini kushoto, mkono mmoja unavifikia vyote huku mwingine umeshika mausi. Hiyo inaitwa kufikiria mtu. IBM nao wakatoa kanuni zao za vitufe 1987, kwao kukopi ilikuwa Ctrl+Insert na kupesti Shift+Insert, na Windows ikatembea na hizo kwanza kabla ya kuingia kwa Ctrl+C na Ctrl+V. Lakini hawakuzifuta zile za zamani! Chukua mashine yako ya Windows saa hii, fungua Word, jaribu Shift+Insert. Ikikataa ni mtu amebadilisha setingi. Miaka zaidi ya thelathini na bado yule mtu aliyezoea ile njia anahudumiwa. Na hapa kwetu mtu anaandika sistimu kwa miezi michache anavuruga kitufe ambacho dunia nzima imekubaliana.

Najua mtaniambia hata hao wakubwa hawako sawa. Nakubali, shingo upande. Ctrl+R kwa Word inapeleka maandishi upande wa kulia, kwa Excel inajaza seli za kulia, kwa brauza inafungua ukurasa upya. Ctrl+D kwa Excel inajaza kwenda chini, kwa PowerPoint inatoa nakala ya kitu, kwa Word inafungua dirisha la fonti, na kwa mafolda ya Windows inafuta faili. Na Outlook, ile ya kwenye mashine, Ctrl+F haitafuti, inafowadi meseji, na hiyo hata mimi sitaitetea. Lakini kosa la mkubwa haliwi ruhusa. Tena zile chache za msingi, yaani kusevu, kuprinti, kukopi, kupesti na kurudisha nyuma, hizo karibu kila mahali zimeachwa vile zilivyo, na sababu ni kwamba hapo ndipo watu wanaumia.

Kuna wakati kubadilisha ni haki. Zamani ukiwa kwa Chrome ukibonyeza Backspace ukurasa unarudi nyuma, na wale wa saiba mnakumbuka: umejaza fomu ndefu ya mteja, kasa, kile kimstari cha kuonyesha unaandika wapi, haiko kwa kisanduku kumbe, unataka kufuta herufi moja, fomu yote imeenda. Mwaka 2016 wakaiondoa, kurudi nyuma kukaachiwa Alt na mshale wa kushoto. Watu wengine walilalamika lakini mimi nasema walifanya vizuri, manake waliondoa hatari. Huyu developa wetu wa invoisi ameileta.

Na kutuma kuna shotikati yake tayari! Gmail ni Ctrl+Enter, Outlook ni Ctrl+Enter. Ichukue hiyo, weka swali moja kabla ya kutuma, kazi imeisha. Kwa Ctrl+S hifadhi invoisi kama rasimu, karani aendelee.

Mengine ni ya haraka. Kama sistimu yako inafunguka kwa brauza usimwahidi mtu Ctrl+N ya invoisi mpya, Chrome haikupi hiyo, itafungua dirisha lake, na Ctrl+W vilevile itafunga tabu. Kurudia kitu ulichorudisha nyuma, kubali Ctrl+Y na Ctrl+Shift+Z zote mbili. Esc iwe ya kughairi, isiwe na kazi nyingine yoyote. Tab ipite visanduku kwa mpangilio wa karatasi yenyewe, jina, bidhaa, idadi, bei, isiruke ruke. Na shotikati iandikwe kando ya amri yake pale kwa menyu, mtu aione kila siku mpaka aishike, hakuna mtu atasoma PDF ya kurasa arobaini.

Wale wa kusema "watumiaji wafundishwe" ndio wananichosha kabisa. Nimefundisha, najua inachukua muda gani kuingiza kitu kwa mkono wa mtu na inachukua muda mara ngapi zaidi kukitoa. Tena huyo mama jioni anarudi kwa Word kuandika barua za ofisi na kwa Excel kuandika mishahara, kwa hivyo unamwambia mkono mmoja uwe na akili mbili, asubuhi Ctrl+S ni hatari, jioni ni usalama. Mazoea yana taabu, na hapa taabu inamwangukia mtu wa mshahara mdogo kuliko wote kwa hiyo ofisi.

Kwa hivyo naongea na nyinyi wenye maduka, sako na shule, kuanzia Nakuru mpaka Busia, kwa sababu nyinyi ndio mnalipa. Kabla ya kusaini, usiangalie rangi za grafu kwa projekta. Mketishe karani wako kwa hiyo sistimu siku ya soko, ama mwisho wa mwezi, afanye kazi vile amezoea na asiambiwe chochote. Developa akae kando yake na mikono yake mfukoni. Kila mahali mkono wa karani utakwama, paandikwe, parekebishwe, ndio pesa itoke.