Weka Mkasi Chini

Nikisema nakusanya stempu, swali la kwanza huwa "za nini?" La pili, linalokuja kwa sauti ya chini kidogo, ni "zinalipa?"

Nilianza nikiwa na miaka tisa, na nilianza kwa kuharibu. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, barua zake akiziweka kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda. Nilizikata pembe zote kwa mkasi, nikaziloweka kwenye beseni hadi gundi ikaachia, nikazianika juu ya gazeti. Moja ninayo hadi leo: simba wa senti 20, wa enzi za Malkia Elizabeth, imeandikwa Kenya Uganda Tanganyika. Pembeni ina robo ya muhuri wa posta, herufi tatu tu, M-O-M. Ni Mombo hiyo, kule Tanga. Tarehe ilibaki kwenye bahasha, na bahasha bibi aliwashia moto.

Ile stempu ikiwa peke yake haifiki bei ya andazi, maana zilichapwa nyingi mno. Lakini ingekuwa bado imekaa kwenye bahasha yake, ina muhuri mzima wa Mombo na mwandiko wa aliyeituma, kuna mtu mahali fulani angeitafuta kwa hamu. Kosa langu ndilo ninaloliona kila nyumba ninayoitwa "kuja kuangalia stempu za marehemu".

Wengi wanaamini cha zamani ndicho cha bei. Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza duniani, ni ya 1840, lakini zilichapwa kama milioni 68 na mpaka leo hazijaadimika. Chukua sasa zile za Uganda za 1895, ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta pale Mengo, bei ikiandikwa kwa simbi, yale makombe ya baharini waliyokuwa wakilipana. Ni changa kwa miaka 55, lakini ni adimu kiasi kwamba hizo mbili huwezi kuziweka kwenye mizani moja. Bahati mbaya taipureta kuukuu hazikukosekana, kwa hiyo bandia nazo zimejaa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, stempu zenye sura ya Sultani zilikuwa bado zipo posta. Hazikutupwa. Zikagongwa muhuri wa mkono, "JAMHURI 1964", zikaendelea kuuzwa. Thamani yote ipo kwenye ule wino, na wino wa muhuri wa mpira anaweza kuugonga yeyote, wakati wowote, hata mezani kwake jana usiku. Ukiniletea moja iliyobanduliwa nitakuwa na shaka nayo. Niletee iliyo kwenye barua iliyopita posta, ina tarehe ya miezi ile, hapo tutaongea.

Stempu za pauni za Kenya na Uganda za wakati wa George V ni kisa kile kile. Nyingi zilibandikwa kwenye hati kama ushuru wa serikali, si kwenye barua, na yenye alama ya ushuru huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei ya iliyosafiri. Ndiyo maana kuna wajanja wanaoufuta wino wa kalamu ulioachwa na makarani wa hati, ili stempu ionekane haikutumika kwa ushuru.

Na zile albamu zilizojaa Elvis Presley, dinosaria na katuni za Disney, zote zimeandikwa Tanzania? Samahani, ndugu yangu. Zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa nje. Geuza moja uitazame nyuma: mbele ina muhuri safi uliokaa pembeni kwa adabu, nyuma gundi yote ipo. Haijawahi kubeba barua hata siku moja. Mpe mtoto achezee, ndivyo wengine huanza.

Juzi jirani yangu, mama mtu mzima ambaye kaka yake alihamia Maskati zamani, aliniita nikaone barua alizokuwa akitumiwa miaka ya sabini. Nikabisha hodi, nikaamkia shikamoo. Alikuwa amekaa mkekani, bahasha mapajani, mkasi mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakukatia tatu, nikupunguzie kazi."