Hivi taifa lililobarikiwa tunalipima kwa mizani gani?

Kila nikipiga simu nyumbani lazima niambiwe: "Nyie huko mmebarikiwa, Mungu amewapendelea." Nina miaka tisa ughaibuni, na maneno hayo bado yananiuma, maana tunayasema bila kufungua Biblia. Wenye barabara nzuri na umeme usiokatika tunawaita wabarikiwa. Sisi tunaokesha makanisani tunajiona tumesahauliwa.

Andiko tunalolishika ni Zaburi 33:12, "Heri taifa ambalo Bwana ni Mungu wao." Tunaishia hapo. Ukiendelea kusoma, mstari wa 16 na wa 17 inakwambia kwamba mfalme haokoki kwa wingi wa jeshi, na farasi hafai kitu kwa wokovu. Na enzi zile farasi wa vita ndiye aliyeonyesha ukubwa wa taifa.

Msome nabii Amosi basi. Alihubiri Israeli zama za Yeroboamu wa Pili, mfalme aliyetawala miaka 41 na kuirudisha mipaka ya nchi iliyokuwa imepotea. Mali ilikuwepo, wakubwa walilala juu ya vitanda vya pembe za ndovu. Ibada nayo ilikuwepo: sadaka, sikukuu, vinanda. Lakini wafanyabiashara waliingoja sabato iishe upesi, wakauze nafaka kwa kipimo kilichopunguzwa na mizani ya udanganyifu, na maskini akauzwa kwa jozi ya viatu. Mungu akawaambia, "Niondolee kelele za nyimbo zako." Yapata mwaka 722 KK Samaria, mji mkuu wao, ikaangukia mikononi mwa Waashuri. Kwa hiyo wingi wa mali si ushahidi, na kanisa kujaa si ushahidi. Mungu alimtazama yule aliyesimama mbele ya mizani akiwa hana mtetezi.

Kabla sijaondoka nyumbani nilimfanyia kazi bosi mmoja miezi mitatu. Kila asubuhi alitukusanya kwa maombi, na aliomba hadi machozi yakamtoka. Mshahara hakutulipa. Nilipomdai aliniambia nimngojee Bwana. Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwako hata usiku mmoja!

Huku nilipo, msimamizi wangu sijawahi kumsikia akilitaja jina la Mungu. Mwezi wangu wa kwanza nilifanya saa mbili za ziada nikasahau kuziandika. Akaziandika yeye. Ile karatasi ya mshahara niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Lugha yao ilikuwa bado inanipiga chenga, hata kuuliza nisingeweza. Torati inamtaja mgeni mara kwa mara pamoja na yatima na mjane, na siku ile mgeni alikuwa mimi.

Hata hivyo sina haraka ya kuiita nchi hii mbarikiwa. Mzee aliyekaa mlango wa pili kutoka kwangu alifariki, na jengo zima hatukujua mpaka barua zilipojaa kwenye sanduku lake zikaanza kudondoka sakafuni. Usiku ule nilisoma Ezekieli 16:49. Uovu wa Sodoma unaotajwa pale ni kiburi, shibe na starehe, na kutomtia nguvu maskini na mhitaji. Nilitetemeka, ndugu zangu. Mlango ule nilikuwa naupita kila siku, asubuhi na jioni, na jina la mzee nililijua kwa kulisoma juu ya bahasha zile nilipokuwa naziokota.