Programu mpya peke yake haitoshi

Nimesoma makala ambayo mwandishi wake anasema mitambo ya umeme italindwa dhidi ya wadukuzi, yaani wavamizi wa kompyuta, kwa kununua programu mpya. Jamani, tukumbuke Ukraine, Desemba 23, 2015. Wadukuzi walikuwa wameshaingia kwenye kompyuta za kampuni za umeme miezi kadhaa kabla, kwa barua pepe zenye faili la Word lililofichwa programu hasidi. Siku hiyo waendeshaji walibaki wamekodoa macho, kishale cha kipanya kikitembea chenyewe kwenye skrini na kukata umeme kituo baada ya kituo. Wateja wapatao 225,000 gizani! Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa sababu mafundi walikwenda vituoni kuwasha swichi kwa mkono. Kiwandani kwetu nywila ya kompyuta ya mitambo imebandikwa ukutani, na mtandao wake ni uleule wa ofisini. Tuanzie hapo, tutenganishe mitandao.